Taharuki si mshtuko: masahihisho kuhusu filamu za Hitchcock

Ndugu Mhariri,

Tafadhali tupe nafasi katika safu yako ya barua tusahihishe makala ya ukurasa wa burudani wa Jumamosi iliyopita kuhusu mwongozaji wa filamu Alfred Hitchcock. Mwandishi wenu amemwita "mfalme wa filamu za kutisha", akamtia kapu moja na filamu za mizimu na misumeno, kisha akaeleza filamu kadhaa kwa namna inayoonyesha kwamba baadhi yake hakuzitazama hadi mwisho. Makosa ya hapa na pale tungeyapuuza. Kosa la neno hatuwezi, maana neno lenyewe lipo na kila aliyesoma fasihi sekondari analijua: taharuki.

Mshtuko ni wa mtu asiyejua. Paka anaruka kutoka kabatini, unapiga ukelele, sekunde mbili zimepita na hakuna kilichobaki. Taharuki ni ya mtu anayejua. Unajua kilichomo kabatini, anayekwenda kulifungua hajui, na mkono wake hauna haraka. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya Hitchcock, karibu katika kila filamu, ni kukupa wewe habari mapema, tena kamili, na kumnyima mhusika. Kazi ya pili ni kutega saa. Si lazima iwe saa ya ukutani. Chochote kinachopungua machoni pako kinatosha.

Mfano wa bomu chini ya meza (waliokaa wanaongea bila kujua, mtazamaji anajua), alioutoa mwenyewe alipohojiwa na mwongozaji Mfaransa François Truffaut mwaka 1962, hunukuliwa na kila mtu, na mwandishi wenu naye kaunukuu. Sisi tungependa watu walitazame bomu alilolitega kweli, katika Sabotage ya mwaka 1936. Verloc, mwenye jumba dogo la sinema London, anamtuma shemeji yake, mvulana Stevie, apeleke kifurushi pamoja na makopo ya filamu. Kifurushi ni bomu. Kinatakiwa kiwe kimefika Piccadilly saa saba na nusu mchana, na kitalipuka saa nane kasorobo. Mtazamaji ameshajua yote hayo. Stevie hajui kitu, na ana akili za mtoto, hana haraka na dunia. Mchuuzi wa dawa ya meno anamkamata njiani na kumfanya kielelezo mbele ya watu, anamsugua meno, anampaka mafuta ya nywele. Akitoka hapo, msafara wa Meya wa London umefunga barabara. Akifika kwenye basi, kondakta anasita kumpakia kwa sababu ya yale makopo.

Kwenye makopo hapo kuna jambo ambalo mtazamaji wa leo hulikosa. Filamu za wakati ule zilikuwa za nitrati, zinazoshika moto kwa kasi ya ajabu, na hazikuruhusiwa ndani ya mabasi. Basi kondakta anababaishwa na kopo la sinema, na bomu liko palepale kwapani mwa mtoto, halimshughulishi! Mwishowe anamruhusu. Stevie anakaa, anacheza na mtoto wa mbwa wa abiria wa jirani. Kamera inaangalia saa, inaangalia kifurushi, inaangalia foleni, inarudi kwenye saa, na vipande vinazidi kuwa vifupi.

Bomu linalipuka. Hitchcock mwenyewe alikiri baadaye kwamba hapo alikosea, na sababu aliyoitoa ni ya fundi, si ya mtu mwenye huruma tu: ukishamtesa mtazamaji dakika zote hizo kwa ajili ya mtoto asiye na hatia, una deni la kumpumzisha. Usipolilipa, hasira yake haimwendei Verloc, inakuja kwako mwongozaji. Tangu hapo mara nyingi alilipa deni hilo, na alipoamua kutolipa alikuwa ameshajua bei yake.

Miaka kumi baadaye, katika Notorious (1946), saa ni shampeni. Kuna karamu kubwa kwenye nyumba ya Sebastian, mtu anayepelelezwa, Rio de Janeiro. Mkewe Alicia, yaani Ingrid Bergman, ameuiba ufunguo wa stoo ya divai kutoka kwenye funguo za mumewe ili ampe mpelelezi Devlin, yaani Cary Grant. Shoti inaanzia juu kabisa, ukumbi mzima uko chini yako na wageni wake, halafu kamera inashuka bila kukatwa, inashuka, hadi inaujaza mkono wa Alicia uliokunja ufunguo. Usemi wote wa tukio umo kwenye mshuko huo: fahari yote hii inategemea kipande cha chuma kilicho kiganjani mwa mwanamke mmoja. Kuanzia hapo unahesabu chupa. Zikiisha zilizo kwenye barafu, mtumishi atamwomba Sebastian afungue stoo, na Sebastian atatafuta ufunguo. Aliyewahi kusimamia vinywaji harusini anaijua hofu hiyo: kreti zinakauka na ufunguo wa stoo haupo kwa mwenyewe. Na miongoni mwa wanaozimaliza chupa hizo yumo Hitchcock mwenyewe, anakunywa glasi moja kwa mkupuo na kuondoka. Watu humcheka kwa vile kupita kwake mbele ya kamera kulikuwa mchezo wa karibu kila filamu, ila hapa amejipa kazi: amepunguza muda.

Kilichofichwa ndani ya chupa za stoo ni mchanga mweusi wenye urani. Kwa wasomaji wenu wa Lubumbashi na Likasi hii si habari ya mbali, kwani urani iliyotumika katika mradi wa bomu la atomiki la Marekani ilitoka kwa sehemu kubwa Shinkolobwe, Katanga. Hitchcock lakini hakujali kama ni urani au almasi. Kitu ambacho wahusika wanakigombania, na mtazamaji hana haja nacho, alikiita "MacGuffin". Makala yenu imelieleza neno hilo kuwa ni "siri ya mwisho wa filamu". Sivyo kabisa. Ni kinyume chake: ni kitu unachoweza kukibadilisha na kingine na filamu isitikisike.

Sasa Rope ya mwaka 1948. Mwandishi wenu anasema ilipigwa kwa shoti moja tu, bila kukatwa. Isingewezekana. Filamu ya milimita 35 hupita kwenye kamera futi 90 kwa dakika, na kasha la kamera lilibeba futi 1,000, kwa hiyo baada ya dakika kumi na moja hivi hakuna tena cha kupigia. Filamu nzima ni ya dakika 80 na ina shoti kumi. Baadhi ya viungo vimefichwa kwa kamera kuusogelea mgongo wa mtu hadi giza la koti lijaze picha, kisha shoti inayofuata inaanzia kwenye giza hilohilo. Vingine havikufichwa hata kidogo, vimekatwa wazi kutoka uso hadi uso, kwa sababu majumba ya sinema yalitumia mikanda ya futi 2,000 na fundi wa mashine alihitaji mahali pa kubadilishia kila baada ya dakika ishirini hivi. Ukitazama mara ya pili, jaribu kuvihesabu.

Lakini kung'ang'ania shoti ndefu ni kuikosa filamu. Vijana wawili wamemnyonga mwenzao na kumfungia ndani ya sanduku, kisha wanaandaa chakula juu ya sanduku hilohilo na kuwaalika wazazi wa marehemu. Kuna mahali mtumishi wa nyumba, Bi Wilson, anaondoa vyombo. Kamera imegoma kugeuka. Wageni wanaongea pembeni, nje ya picha, wanajiuliza kijana yuko wapi. Sisi tunaona sanduku tu na huyu mama anayekwenda na kurudi. Safari ya kwanza anabeba sahani. Anarudi, mishumaa. Anarudi, kitambaa cha meza. Kisha anakuja na vitabu, maana vitabu mahali pake ni ndani ya sanduku. Hakuna muziki, hakuna kisu, hakuna anayepiga kelele. Mama anafanya usafi. Tunamwomba mwandishi wenu atuonyeshe filamu ya mizimu yenye dakika moja nzito kama hiyo.

The Man Who Knew Too Much, ile ya 1956 (aliwahi kuitengeneza London mwaka 1934, akairudia Marekani), inafanya hivyohivyo kwa muziki. Muuaji atafyatua risasi katika ukumbi wa Royal Albert Hall pale matoazi yatakapogongwa, ili mlio wa bastola umezwe. Ila mtazamaji atajuaje ni mahali gani pa wimbo? Ndiyo maana mapema kuna tukio ambapo muuaji anachezewa sahani ya santuri asikie mahali penyewe. Anayesikilizishwa hasa ni wewe. Ukifika ukumbini, dakika kama kumi na mbili zinapita bila neno hata moja la mazungumzo, na kila mpiga matoazi anaposogea kiti unajua kilichobaki. Anayeongoza okestra kwenye picha ni Bernard Herrmann, mtunzi wa muziki wa Hitchcock kwa miaka ile.

Mtu atatupinga kwa Psycho (1960), na ana haki. Hapo Hitchcock alificha. Alificha kiasi cha kuwataka wenye majumba ya sinema wasimruhusu mtu kuingia filamu ikishaanza, kwa sababu alikuwa amevunja sheria ambayo kila kibanda umiza cha Tandale kinaijua: steringi hafi. Janet Leigh ndiye steringi, jina kubwa kuliko wote, na kabla filamu haijafika nusu ameshauawa bafuni.

Kuhusu bafu hilo makala yenu imesema "damu nyekundu inatapakaa na kisu kinaonekana kikizama mwilini". Damu haiwezi kuwa nyekundu katika filamu nyeusi na nyeupe, na kwa kweli ilikuwa sirapu ya chokoleti, inayotokea vizuri zaidi kwenye filamu ya aina hiyo kuliko damu ya bandia. Kisu hakizami popote. Kuna shoti moja fupi sana ambapo ncha inaonekana ikigusa karibu na kitovu, na wapenzi wa filamu wameibishania tangu zamani, lakini jeraha hulioni. Sekunde 45 hizo zilichukua siku saba za Desemba 1959, kwa mikao ya kamera zaidi ya 70. Mlio wa kisu ni wa tikiti lililodungwa. Na zile violini zinazolia kama ndege aliyekabwa, Hitchcock hakuzitaka. Alitaka bafuni pawe na maji tu. Herrmann akaandika hata hivyo, kwa ala za nyuzi peke yake, na mwongozaji aliposikia akakubali kwamba alikuwa amekosea. Unachodhani umekiona umekishona mwenyewe kutokana na vipande.

Lakini taharuki ya Psycho haipo bafuni. Ipo baadaye, Norman Bates, kijana mwenye moteli hiyo, anapofanya usafi. Anapiga deki, anasuuza beseni, anauzungusha mwili katika pazia la plastiki na kuutia kwenye buti la gari. Anarudi kukagua chumba mara ya mwisho, anaona gazeti limesahaulika kitandani, analitupa nalo kwenye buti. Hajui kwamba ndani ya gazeti kuna dola karibu 40,000. Wewe unajua. Halafu analisukuma gari kwenye kinamasi, linaanza kuzama, na katikati linasimama. Norman anaacha kutafuna. Anatazama huku, anatazama kule. Na wewe, uliyekuwa unamlilia yule dada dakika chache zilizopita, unashtukia unaliombea gari lizame. Hapo ndipo penye ubaya wa Hitchcock, ubaya mtamu, na hauna uhusiano wowote na kutisha.

Alipolazimika kuchagua kati ya kuficha na kufichua, Vertigo ya mwaka 1958 inaonyesha alipoegemea. Riwaya ya Kifaransa iliyotumika kama chanzo inatunza siri hadi kurasa za mwisho. Hitchcock anaitoa karibu nusu saa kabla ya mwisho, mwigizaji Kim Novak anapokaa mezani kuandika barua. Siri yenyewe hatuisemi. Tunasema tu kwamba kuanzia barua hiyo swali la filamu linageuka: si tena "kulitokea nini?" bali "atafanya nini akijua?", na swali la pili ndilo linalokufanya ushindwe kukaa. Kuhusu ile shoti ya ngazi ambapo sakafu inaonekana kukimbia: kamera inasogea upande mmoja huku lenzi ya zumu ikivuta upande wa pili kwa mwendo uleule, hivyo ukubwa wa picha haubadiliki ila kina chake kinanyooka. Ngazi si ngazi ya kweli. Ni kielelezo kilicholazwa ubavu ili kamera ipite juu ya reli za kawaida.

Mambo madogo tuyapite haraka. Hitchcock hakuwahi kushinda Oscar ya mwongozaji bora. Aliteuliwa mara tano. Rebecca ya 1940 ilishinda filamu bora, na sanamu hiyo ilikwenda kwa mtayarishaji, David O. Selznick. Na kama gazeti linataka kumsifu, lisifu na lingine liseme: mwigizaji Tippi Hedren aliandika katika kitabu chake cha mwaka 2016 namna mwongozaji huyo alivyomsumbua, na kwa tukio la chumba cha juu katika The Birds alirushiwa ndege hai siku baada ya siku baada ya kuahidiwa wa bandia. Ufundi hauifuti habari hiyo.

Neno kwa wanaotafsiri filamu kwa sauti. Hatuwadharau, tangu enzi za Lufufu wamewaletea watu sinema ambazo vinginevyo wasingezielewa. Lakini filamu za Hitchcock zina mahali pa kufunga kipaza sauti. Katika North by Northwest (1959) Cary Grant anashushwa na basi kwenye njia panda katikati ya mashamba makavu. Magari matatu manne yanapita. Mzee mmoja anasubiri basi upande wa pili, anasema tu kwamba ile ndege inanyunyizia dawa mahali pasipo na mazao, kisha anapanda basi lake. Hakuna hata noti moja ya muziki hadi ndege inapoligonga lori la mafuta. Mtafsiri akiujaza ukimya huo kwa mizaha, ameondoa upepo, mlio wa injini unaokuja kwa mbali, na ile hali ya kutojua hatari itatokea wapi katika nchi isiyo na pa kujificha. Atafsiri sentensi ya mzee, basi, kisha anyamaze.

Na kwa wanaotazama nyumbani, televisheni zenyewe zinaharibu. Filamu za Hitchcock za kabla ya 1953 zina umbo la karibu mraba, upana 1.37 kwa kimo 1. Televisheni ya sasa ni 1.78. Ukiiacha ijaze kioo kwa kuvuta pembeni, kila uso unapanuka karibu asilimia 30, na Ingrid Bergman anaota mashavu ambayo hakuwa nayo. Chagua 4:3 kwenye rimoti na uvumilie weusi wa pande mbili. Zima pia ule mpangilio unaolainisha miendo, kwa kuwa filamu ni fremu 24 kwa sekunde na televisheni ikijitungia fremu za kati, Rear Window inafanana na tamthilia ya saa moja usiku. Nakala mbovu za The 39 Steps ya 1935 zimezagaa mtandaoni, sauti inakwaruza na usiku wa Uskoti umekuwa uji mweusi. Tafuta iliyosafishwa au iache kwanza.

Kwa anayeanza, tungependekeza Rear Window (1954) kabla ya nyingine zote. Mpiga picha amevunjika mguu, amekaa dirishani, anatazama majirani wa ua mmoja. Aliyekulia nyumba ya kupanga hahitaji kufafanuliwa chochote hapo: nani kagombana na mkewe, nani anarudi saa ngapi, nani katoka usiku wa mvua na sanduku mara tatu. Ua wote ulijengwa ndani ya studio ya Paramount, vyumba 31, na kamera karibu haitoki kwenye chumba cha mgonjwa. Kwa hiyo mpenzi wake anapoingia kwenye chumba cha mtuhumiwa na mtuhumiwa akatokea kwenye korido, wewe na mgonjwa mnaona wote wawili kwa pamoja na hamna cha kufanya. Baada ya hiyo, Notorious, kisha North by Northwest. Psycho itazamwe bila kusoma chochote, hata barua hii, kwa hiyo tumechelewa kuonya. Vertigo iwekwe mwisho. Wanaoanza nayo huiona nzito na kukata tamaa.

Jambo la mwisho ni picha. Chini ya picha kubwa ya makala mmeandika "Janet Leigh katika tukio maarufu la Psycho". Yule ni Tippi Hedren ndani ya kibanda cha simu katika The Birds ya mwaka 1963. Vioo vinavyomzunguka si vya bafu, na kile cheupe kinachokijia kioo ni shakwe. Mlioichagua mngeweza kujua hata bila kuzitazama filamu zote mbili: picha yenu ina rangi.

Wapenzi wa sinema za zamani,
Dar es Salaam